Kobe Chini ya Kiti cha Trakta

Siku tuliyomzika Anko Kimani nilitumwa stoo kutafuta viti vya wageni. Stoo yetu ni nyumba ya mawe aliyoiacha mzungu fulani, ambaye alikuwa akikamulia ng'ombe humo, na sisi watu wa Kabazi hatubomoi kitu chenye paa. Nilisukuma mlango, na kabla macho hayajazoea giza la ndani, pua ilikuwa imeshafika. Ilikuwa harufu ya oili ya haidroliki ya trakta, nzito, yenye utamu fulani wa kukera, imechanganyika na vumbi na kinyesi cha kuku. Nilishika ukuta. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina nyumba yangu Section 58 mjini Nakuru, nimewahi kumfokea karani wa benki mpaka akaniomba msamaha, lakini pale mlangoni nilisimama kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Trakta ilikuwa bado pale pembeni, chini ya turubai lililoraruka, na kuku alikuwa ametaga juu ya kiti. Nje watu walikuwa wakiimba. Nilisimama nikiwaza kwamba kama si mimi, Anko na kaka yake, baba yangu, hawangeishi zaidi ya miaka ishirini bila kusalimiana. Nilikuwa na miaka minane wakati huo. Umri huo haunisaidii sana, maana uongo niliusema nikiwa na minane, lakini nilikuwa bado nao nikiwa na kumi na minane, na nikiwa na ishirini na minane pia.

Lazima nieleze kwanza jinsi walivyokuwa wakiniita. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Nyanya yangu alifariki miezi michache kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilipotokea, Baba na ndugu yake mdogo, Anko Kimani, walinipokea kama mtu aliyerudi kutoka safarini. Nilipewa jina lake, Wambui, lakini wale wawili hawakulitamka kamwe; waliniita Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu. Nikiingia mahali, Anko alivua kofia. Nikilia, Baba aliuliza ni nani amemkosea mama yake. Wakibishana juu ya jambo dogo, kama kuku wa nani amekula mboga ya nani, walikuja kuniuliza mimi, nikiwa na kidole mdomoni, na nikishasema basi limesemwa. Watu wengine hufanya hivyo kwa mzaha. Wale wawili walikuwa wamempoteza mama yao mapema, na mzaha wao ulikuwa na ukweli mwingi.

Mama yangu alikuwa Mluhya kutoka upande wa Kitale, ndiyo sababu nyumbani tuliongea Kiswahili, na mambo hayo yeye aliyaona kama sinema. "Mimi ndio mwanamke wa kwanza kuzaa mama mkwe wake," aliwaambia wanawake wenzake kanisani. "Na bado lazima nimuoshe masikio." Yeye ndiye mtu pekee aliyenichapa pale nyumbani, na hata yeye aliangalia kwanza kama Baba yuko mbali.

Trakta ililetwa kwa lori kutoka Nakuru. Ilikuwa ndogo, nyekundu iliyofifia, imetumika huko Japani mpaka wenyewe wakaichoka. Ilikuwa ya Baba na Anko kwa pamoja, na kwa pamoja hawakujua lolote juu yake. Anko alikuwa amewahi kuendesha pikapu. Baba alikuwa amewahi kuendesha baiskeli. Ilikuja na plau ya sahani mbili na kitabu cha maelezo kilichoandikwa chote kwa Kijapani, na alasiri nyingi niliwakuta wameinamia kitabu hicho, vichwa vimegusana, wakisoma picha. Baba aligeuza kurasa polepole sana, kana kwamba maandishi yangebadilika yakipewa muda.

Kitu kilichotushangaza sote kilikuwa nyuma. Plau ilishikwa na mikono miwili ya chuma. Ukivuta liva iliyo kando ya kiti, oili inasukuma mikono ile juu na plau inaning'inia hewani. Ukisukuma liva, plau inashuka mpaka ardhini. Majirani walikuja kuona chuma kizito kikiinuliwa kwa mkono mmoja wa mtu aliyekaa. Anko aliwaonyesha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara alishangaa pamoja nao.

Mama peke yake hakufurahi. Ng'ambo ya mto trakta ya watu ilikuwa imepinduka kwenye mteremko msimu uliotangulia, na aliyeiendesha hakufika hospitali akiwa hai. Mashamba yetu ya juu yalikuwa na mteremko kama ule. Halafu Anko aliendesha kwa kasi, anaimba, shati limejaa upepo. "Hiyo kitu itaua mtu," Mama alimwambia jirani siku moja wakichambua maharagwe, "na huyo mtu ni Kimani. Anaenda mbio kama ameibia mtu." Hakujua kwamba ninasikia. Watu wazima hudhani mtoto aliyenyamaza hayupo.

Kutoka siku hiyo nikawa ninaogopa. Nilimpenda baba yangu, lakini Anko ndiye aliyekuwa mtu wangu. Alinibeba mabegani kwenda kuangalia mahindi, alinipa vipande vya miwa kabla hajawapa ng'ombe, alinieleza kila kitu bila kuniambia nitaelewa nikikua. Nilipomwona akiteremka kilimani nilifumba macho mpaka nisikie injini iko karibu.

Alasiri moja alinikalisha juu ya bamba linalofunika gurudumu trakta ikiwa imezimwa. Karibu na gia nikaona picha mbili ndogo, sungura na kobe.

"Anko, hawa ni wa nini?"

"Hawa ndio wanaonyesha mwendo, Maitu. Ukiweka kwa sungura, inaenda haraka. Ukiweka kwa kobe, inaenda pole."

"Na wewe unaweka wapi?"

"Mimi ni mtu ya sungura," akasema, akacheka. "Kobe ni ya baba yako."

Sikucheka. Niliikumbuka ile picha usiku na mchana.

Mvua ilipokaribia, wakabishana juu ya shamba la kuanzia. Baba alitaka waanze juu, kwenye kipande alichokuwa akilima mama yao, kwa sababu shamba la mama hutangulia, ndivyo walivyokuwa wakifanya hata kwa jembe la mkono. Anko alitaka waanze chini kwake, palipo tambarare.

"Huko juu ni mlima," Anko alisema, "na hii mashine bado hatujaijua. Wacha tuzoee hapa chini kwanza."

"Ati shamba ya mama ingoje yako?"

"Sijasema hivyo."

"Si ndio hiyo umesema."

Leo najua kwamba Anko ndiye aliyekuwa na akili siku hiyo. Lakini Baba alikuwa mkubwa, na tena alikuwa amemtaja mama, kwa hiyo yakaisha. Jumatatu wangeanza juu.

Jumapili asubuhi kabla ya kanisa Anko aliiosha trakta akaiegesha uani, plau ikiwa juu. Hilo nalo lilikuwa kosa la watu wanaoanza. Mashine ikilala, plau hulazwa chini. Tuliporudi kutoka kanisani wakubwa waliingia ndani kunywa chai, nami nikabaki uani peke yangu na trakta iliyokuwa iking'aa. Nilikuwa nimekatazwa kabisa kuipanda bila mtu mzima. Nilipanda. Haukuwa utundu, na hilo nalisema si kwa kujitetea, bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nikiwaza juu ya mlima wa kesho, na Anko na shati lake.

Nilitaka kuweka gia kwenye kobe. Ilikuwa ngumu, haikusogea hata nilipoisukuma kwa bega. Nikateremka kwa nyuma, nikainama, na pale chini ya kiti nikaona picha nyingine. Walikuwa sungura na kobe tena, wadogo zaidi, na kati yao kifundo cheusi cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio. Niliona nimegundua siri. Wakubwa, nikajiambia, wanajua ile ya juu tu; hii ya chini ndiyo yenyewe. Nikazungusha kuelekea kobe mpaka kifundo kikakataa, kisha nikakikaza zaidi kwa mikono miwili ili Anko asikirudishe. Niliingia ndani nikapewa chai ya maziwa na kipande cha mkate, na wakati wote wa kunywa nilimwangalia Anko nikijua kwamba nimemwokoa. Sijawahi tena kufurahi kama nilivyofurahi na kikombe kile.

Kesho yake Baba ndiye aliyeendesha kwenda juu, kwa mwendo wake wa kawaida ambao hata mbuzi walimpita. Mimi nikifuata nyuma niliona kobe amefanya kazi.

Walipofika, Baba akasukuma liva. Plau haikushuka. Akavuta, akasukuma tena. Ilibaki inaning'inia pale pale.

"Imekataa," akasema.

"Imekataa aje?"

"Imekataa kushuka."

Anko akapanda juu ya plau akaruka ruka. Haikumjali.

Waliirudisha nyumbani, na kwa siku mbili wakajifunza haidroliki kwa kupapasa. Walizima, wakawasha. Walipima oili kwa kijiti chake, wakakuta iko sawa, wakaongeza hata hivyo, kwa sababu mtu asiyejua mashine akiona imegoma huilisha. Walipaka grisi kila kitu kilichokuwa na tundu. Walifuata liva kwa kidole kutoka juu mpaka inapopotelea ndani ya chuma, wakarudi, wakaifuata tena. Majirani waliegemea ua wakatoa maoni. Mmoja alisema ni hewa imeingia. Mwingine alisema ni baridi, oili imeganda, iachwe juani mpaka saa sita. Iliachwa juani. Mama alipita na ndoo yake akasema labda imechoka kama watu wengine, ipewe likizo. Kitabu cha Kijapani kilikuwa kimefunguliwa juu ya gogo, kimewekewa mawe kisipeperuke, na ninaamini kile kifundo kilikuwa kimechorwa humo mahali fulani. Hawakukiona, na kama walikiona hawakujua ni cha nini.

Kila alasiri mawingu yalikuja yakakaa upande wa Subukia. Wenye plau za ng'ombe walikuwa tayari wamelima. Baba alianza kuongea kidogo, na Anko akaongea zaidi ili kujaza nafasi, na hilo likamkera Baba kuliko plau.

Jumanne alasiri Baba alikaa juu ya gogo, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Hii kitu Jumamosi ilikuwa inashuka," akasema. "Kuna mtu ameigusa."

"Si mimi," Anko akasema.

"Ni wewe uliiosha."

"Niliosha nje. Hizo vitu za ndani sikugusa."

Baba aligeuka kunitazama mimi, niliyekuwa nimekaa mlangoni na kikombe cha uji. "Maitu, wewe ulikuwa hapa Jumapili. Ni nani alipanda hii trakta?"

"Ni Anko," nikasema. Mpaka hapo ilikuwa kweli.

"Ni yeye peke yake?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi sana. Mama alikuwa jikoni, na mwiko ulikuwa jikoni pamoja naye. Nilikuwa nimepanda mahali nilipokatazwa. Sikudhani kifundo changu kilihusika, maana kobe ni mwendo, na shida yao ilikuwa kushuka na kupanda. Kwa hiyo sikuona ni nani angeumia nikinyamaza kuhusu safari yangu ndogo. Lakini nilijua kwamba nimeulizwa swali, na nilijua jibu lake.

"Ni yeye peke yake," nikasema.

Anko alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwepo, leo ningeshukuru. Alivua kofia akaikung'uta gotini.

"Sawa," akasema. "Kama Maitu amesema ni mimi, basi ni mimi. Sijui nilifanya nini, lakini nitatengeneza."

Mtu mwingine angebisha. Angesema mtoto wa miaka minane anajua nini, angeniita kando anihoji, na mimi ningelia na kusema yote, kwa kuwa sikuwa mwongo hodari. Hakufanya hivyo kwa sababu ya jina nililobeba. Mtu habishani na mama yake mbele ya kaka yake.

Jumatano Baba aliamka mapema kwenda Subukia kutafuta fundi, na akamwambia Anko asiguse chochote mpaka arudi. Anko alijaribu kukaa. Alikunywa chai, akakata nyasi za ng'ombe, akarudi akaizunguka trakta. Mwishowe akachukua spana akapiga goti nyuma yake. Plau ilikuwa bado juu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya sahani.

"Nataka tu kuona kama oili inafika hapa," akaniambia, akishika boliti kubwa iliyokuwa kando ya silinda. "Maitu, simama kule mbali kidogo, usichafuke."

Nilisogea. Katika yote yaliyotokea, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mimi alikumbuka kunisogeza.

Boliti ilipotoka, oili iliruka ikampiga kifuani, na plau ikashuka yote kwa mara moja. Hakupiga kelele. Alimwita Mungu, "Ngai", kwa sauti ya kawaida, kisha akaangalia mguu wake kama anayeangalia kitu cha mtu mwingine. Mama alikuja mbio akaufunga kwa leso yake ya kanisani. Majirani wakainua plau kwa nguzo ya ua, wakampakia kwenye pikapu ya kubebea kabeji, wakaondoka kwenda Nakuru. Nilikuwa nimeshika shati lake na walilazimika kunibandua. Mikono yangu ilinuka oili ile kwa siku kadhaa, hata baada ya Mama kuisugua kwa majivu na sabuni.

Hospitalini walimkata vidole vyote vya mguu ule. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na vidole vikawa vya mwingine.

Baba alirudi na fundi adhuhuri, akakuta nyasi zimelowa oili na damu. Fundi alikuwa mzee mfupi mwenye subira. Alisikiliza habari ya ajali, akatikisa kichwa, akarudisha boliti, akajaza oili, akawasha. Plau ikainuka. Akasukuma liva, ikabaki juu. Basi hakupoteza muda na silinda wala kitabu. Alipeleka mkono chini ya kiti, akazungusha kitu, akasukuma liva tena, na plau ikashuka taratibu mpaka ikalala.

"Ilikuwa imefungwa," akasema. "Hii ni ya mwendo wa kushuka, mzee. Ukiweka kwa kobe inashuka pole. Ukifunga mpaka mwisho inakataa kabisa. Watu hufunga wakienda na barabara, ndio plau isiwaangukie njiani. Nani alifunga?"

"Ni ndugu yangu," Baba akasema.

Nilikuwa nyuma ya banda la kuku nikasikia yote. Kisingizio changu kilikuwa kimedumu siku moja tu. Kutoka saa ile nilijua ni nani aliyefunga, na nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua.

"Alifunga makusudi," Baba alimwambia Mama baadaye, "ndio tusianze kwa mama. Siku mbili ananiangalia nikipaka grisi kama mjinga."

"Wacha hiyo maneno. Kimani hawezi."

"Maitu amesema ni yeye peke yake aligusa."

Kwa miaka minane Mama alikuwa amecheka mambo hayo ya mama mkwe, na sasa hakuweza kumwambia mumewe kwamba ni mtoto tu.

Baba alienda hospitalini mara moja. Nilikuja kusikia kwamba alisimama kando ya kitanda akasema, "Hata kama ulikosea, si ungesema." Anko akamjibu, "Ningesema nini? Sijui nilifanya nini." Baba akaona huo ni ukaidi, na akatoka bila kumwachia matunda aliyomnunulia. Aliyaleta nyumbani. Yalikuwa machungwa, nami nilipewa moja nikala.

Mvua ilikuja. Shamba la nyanya lililimwa kwa ng'ombe wa kuazima, na la Anko halikulimwa kabisa. Alipotoka hospitalini akitembelea magongo hakukaa Kabazi hata msimu mmoja. Alichukua mke na watoto wake akaenda Kamere, kando ya ziwa Naivasha, akapata kazi ya kukaa getini kwenye shamba la maua. Baba hakuipenda tena trakta. Aliiingiza stoo, akasema itauzwa, na haikuuzwa.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha sekondari, chuo, na mpaka siku ya harusi yangu, ambapo Anko alikaa hema la mwisho na Baba hema la kwanza, na wote wawili wakacheza waliponiona nikitoka. Nilikuwa na sababu kila mwaka. Nikiwa na kumi niliogopa kuchapwa. Nikiwa na kumi na tano nilisema wamezoea. Baadaye nikajipa maneno makubwa zaidi, kwamba watu wazima wakitaka kupatana hupatana, kwamba shida yao ilianza kabla ya trakta. Nilikuwa hodari wa kujiamulia kesi. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa, na ningekuwa nasoma habari za mtu mwingine ningemwita mwoga.

Nilikwenda Kamere mara moja nikiwa mtu mzima, kwa nia moja tu ya kumwambia. Nilibeba sukari, unga na mkate. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake ya mabati, nywele nyeupe, na aliponiona akasimama kwa ule mguu mbovu ili anipe kiti chenyewe alichokalia.

"Maitu amekuja," akamwambia mkewe. "Kaanga samaki."

Nilikaa kwenye kiti chake. Tulikula. Alinionyesha viboko kwa mbali, akanichekesha kwa habari za wasimamizi wa maua. Kila nilipofungua mdomo, aliniongezea samaki.

"Na baba yako?" akaniuliza mwishoni.

"Yuko salama. Miguu tu inamsumbua."

"Yake pia?" akasema, akacheka. "Mwambie..." akaanza, halafu akapunga mkono. "Wacha tu. Atasema nimetuma mtu."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Niliaga, nikapanda gari, na kufika Nakuru nilikuwa nimejiahidi kwamba nitarudi Krismasi. Sikurudi. Baada ya muda si mrefu figo zilimshika, na habari nilizozipata zilikuwa za maziko, kwamba anarudishwa kuzikwa Kabazi.

Baba alihudhuria. Alitupa udongo kama kila mtu, akakaa kwenye kiti chake akiangalia mbele, na watu walipomtaka aseme neno kama kaka mkubwa, alitikisa kichwa. Mimi nilibaki Kabazi siku tatu zaidi. Siku ya tatu nilimkuta peke yake kwenye varanda akibambua minji, yaani njegere, bakuli kati ya magoti. Mama alikuwa ameenda kurudisha sufuria za watu.

"Kaa, Maitu," akasema. "Umefanya kazi mingi."

Nikakaa, nikasema. Nilianza na kobe, nikarudi kwa mlima, nikaja kwa kikombe cha uji na swali lake la pili. Sikulia, kwa sababu nilijua nikilia atanibembeleza. Aliendelea kubambua minji mpaka nilipofika kwa fundi, kisha mikono ikasimama.

"Ulijua siku hiyo?"

"Siku hiyo fundi alikuja, ndio nilijua."

"Kimani alijua?"

"Sijui, Baba. Hakuwahi kuniuliza."

"Hangekuuliza," akasema.

Mtu alipita barabarani na mkokoteni, akatusalimia, Baba akamwitikia vizuri. Niliomba msamaha, na maneno yalisikika madogo kuliko nilivyoyaandaa. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliliweka bakuli sakafuni, akasugua viganja vyake vilivyokuwa na ukijani wa maganda.

"Wambui," akasema, "niletee maji ninawe."

Niligeuka nyuma kuangalia anamwita nani.